Sawa Ndiyo, Sawa Hapana

Jumatatu, 2 Juni

Mume wangu! Nimeandika ili nilione neno lenyewe. Mume wangu, mume wangu. Wiki ya tatu hii, na bado nikilitamka nashika mdomo kama mtoto aliyelamba sukari ya wageni.

Asubuhi nimempigia pasi shati la bluu. Kola nimeirudia mara mbili. Haikuwa na mikunjo, mikono yangu tu ndiyo haitulii. Leo ndiyo siku ya mgeni. Bosi Mama, mwenye karakana yetu ya mabegi ya ngozi, ametuambia tangu mwezi uliopita: huyu mnunuzi wa ng'ambo akiridhika, mashine zitalia mwaka mzima. Asiporidhika, nusu ya mafundi watakaa nyumbani. Mume wangu ndiye msimamizi wa mauzo, kwa hiyo ndiye mkalimani. Mimi niko mapokezi, chini ya ngazi. Nawasha feni, naandikisha wageni, nawazuia wauza soksi. Na hapo mapokezi ndipo tulipopendana! Alikuwa akishuka kila siku kuuliza kama ana barua. Hajawahi kupata barua hata moja.

Mgeni amefika kabla ya saa yake. Mrefu, mwembamba, rula ya chuma imesimama kwenye mfuko wa shati. Nikamkaribisha vizuri: habari za safari, habari za nyumbani, umelalaje. Akajibu "Nzuri" moja kwa yote matatu, kisha: mkutano uko wapi? Hata kiti hakukitazama. Kabla ya chai mafundi walikuwa wameshambatiza. Bwana Rula.

Nilipopeleka karatasi juu, kwenye chumba cha vioo, nilisimama kidogo. Wanaongea Kiingereza, ambacho si cha kwao wala si chetu, kila upande umeazima. Bwana Rula anataka mikanda ya mabegi ishonwe kwa uzi mweupe mnene uliopakwa nta, na sampuli azione Alhamisi. Mume wangu akatafsiri. Fundi mkuu akaangalia meza. "Sawa," akasema. Bosi Mama naye: "Sawa, sawa." Bwana Rula akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atue.

Mimi na mume wangu tukatazamana. Uzi mweupe wenye nta tunao wapi? Mjini haupo! Chumba kizima kilijua kwamba jibu ni hapana. Kasoro mtu mmoja.

Jumanne, 3 Juni

Tumecheka leo mpaka jirani akagonga ukuta.

Nilimuuliza: kwa nini hukumwambia mgeni kwamba ile sawa haikuwa sawa? Akasema kazi yake ni kutafsiri neno, na neno lilikuwa sawa. Kisha akavua viatu, akasimama katikati ya chumba chetu (kati ya kitanda na kabati ni hatua moja tu, lakini alijipa nafasi kama yuko jukwaani) akaanza kuniigizia sawa zote za duniani. Sawa fupi, ya askari. Sawa ndefu inayopanda juu, ya mtu asiyeamini. Sawa ya fundi, ya kutazama meza, yaani nimekusikia ila usinitegemee. Sawa ya kwenye simu, ya kutaka ukate. Ya mwisho akachukua sahani zetu mbili, akazikusanya polepole, macho chini, akasema kwa sauti ya mama yake: "Sawa." Nilianguka kitandani! Hiyo, akasema, ndiyo sawa ya kuokota vyombo. Mwanamke akiitoa hiyo, mwanamume mwenye akili anavaa viatu na kwenda kutafuta amani.

Jamani, mume gani huyu! Anasikia kisichosemwa. Hata aliponiposa sikusema ndiyo. Nilisema, "Hebu nenda huko na maneno yako," nikageuza uso kwenye feni. Akaruka juu, akaenda kumwambia mama chai wa karakana kwamba nimekubali. Na kweli nilikuwa nimekubali! Nani mwingine angelijua?

Nimemwangalia akilala. Nimemwangalia sana.

Alhamisi, 5 Juni

Siku mbaya.

Bwana Rula ameuliza: sampuli ziko wapi? Fundi mkuu: "Bado kidogo." Mume wangu akatafsiri kwamba ziko karibu kuisha. Nilikuwa mlangoni na trei ya maji, nikafumba macho. Ziko karibu kuisha! Hazijaanza!

Mgeni akauliza uzi umefika lini. Bosi Mama akasema uzi unashughulikiwa. Mgeni akauliza tena, taratibu, kama anayempimia mtu dawa: uzi upo, au haupo?

"Haupo," fundi mkuu akasema.

Basi kwa nini Jumatatu aliambiwa sawa? Fundi mkuu akamgeukia mume wangu, siyo mgeni. "Ulitaka nimwambie hapana? Mgeni, siku ya kwanza, hata maji hajanywa?" Mume wangu hakuitafsiri hiyo. Ningekuwa mimi nisingejua nianzie wapi.

Masikio ya Bwana Rula yakawa mekundu. Akasema mmenidanganya. Akalinyanyua begi lililokuwa mezani, ambalo fundi mkuu alilishona kwa mkono wake mwenyewe, akaweka rula juu ya mshono, akasema begi hili ni baya. Hivyo tu. Mbele ya vijana wake wote, maana vile vioo havifichi kitu. Mume wangu jasho linamtoka. "Mgeni anasema ameshangaa kidogo," akatafsiri, "na begi anaona lina nafasi ya kuboreshwa."

Fundi mkuu akamtazama. "Kijana, usijisumbue. Baya nimelisikia."

Akavua aproni. Akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya mashine. Akashuka ngazi. Alipofika kwangu akasimama. "Bibi harusi, kesho usiniandikishe."

Nyumbani mume wangu hakula. Alikaa dirishani, anazungusha pete yangu kwenye kidole changu kama anafungua kifuniko. Nilitaka kusema kitu kikubwa cha kumfariji. Nikasema chai itapoa.

Ijumaa, 6 Juni

Ah, leo nimempenda upya!

Asubuhi Bwana Rula alisema jambo ni rahisi: mpigieni fundi simu, mwambieni arudi. Mume wangu akamjibu, ukimpigia atasema sawa. Mgeni akarudisha simu yake mfukoni. Nadhani ndipo alipoanza kuelewa kuwa kuna jambo hapa halipimwi kwa rula yake.

Wakaenda wote wawili nyumbani kwa fundi. Mume wangu amenisimulia na miguu yangu ikiwa mapajani kwake, naandika hivyo hivyo. Wamekaribishwa. Wamekaa. Wameulizana habari: mke, watoto, mgongo wa fundi, bati la jikoni linalovuja. Bwana Rula kila mara anaingiza mkono mfukoni, anagusa rula, anautoa. Chai ikaja. Ikaja tena. Begi halikutajwa. Uzi haukutajwa. Fundi alimwonyesha mgeni cherehani ya marehemu baba yake, ya kukanyaga kwa mguu, na mgeni akapiga magoti sakafuni kuitazama chini, akasahau suruali yake. Akauliza mengi. Fundi akajibu yote. Walipoaga, mlangoni, fundi akasema kama mtu anayezungumzia mvua: "Kuna uzi wa kahawia, unapatikana. Jumatatu nitaujaribu."

Njiani Bwana Rula akauliza: mazungumzo yenyewe tunaanza lini?

Mume wangu akamwambia: yameisha.

Kisha wakasimama barabarani, akamfundisha. Usiwaulize watu mnaweza? Mtu mzima hawezi kukuambia hawezi. Waulize ni kitu gani kinaweza kuwakwamisha. Hapo watakufungulia kila kitu. Na sawa usiisikilize kwa sikio tu, tazama macho yako wapi, tazama mikono inafanya nini. Mgeni akasema kwao mtu akisema ndiyo ni ndiyo, na wakisema kazi ni mbaya wanamaanisha kazi, mtu mwenyewe wanampenda tu. Mume wangu akashangaa. Hata mimi nimeshangaa! Kumbe siku ile hakumtukana fundi. Alidhani anamheshimu kwa kumwambia ukweli wote.

Jumapili, 8 Juni

Nimelia kidogo jikoni, kisha nimecheka.

Nilipika maharage. Nikamwekea kwenye ile sahani yenye maua. Akaonja, akaweka kijiko chini, akasema: "Chumvi imezidi." Bila "mke wangu," bila kukohoa, bila kuanza na jinsi maharage yalivyoiva vizuri! Nikaenda jikoni kutafuta maji ambayo sikuyahitaji. Akanifuata mbio. Kumbe anafanya mazoezi! Kesho wanaanza utaratibu mpya karakana: kila mtu anajibu ndiyo au hapana, na yeye ndiye mwalimu, lazima aanze na ulimi wake.

Wifi yangu alikuwepo, amekuja kuomba kuazima pasi. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kaka yangu amerogwa na rula! Wifi, usikubali, na wewe mpe yake. Mwambie kitu kimoja usichokipenda kwake."

"Hakuna," nikasema.

"Hata kimoja?" Mume wangu ameegemea mlango, macho yanacheka.

"Hata kimoja."

"Hiyo hakuna ni ya vyombo," akasema, na wifi hakuelewa, na sisi wawili tulielewa, na moyo wangu ulijaa mpaka juu!

(Anakoroma. Lakini hilo nitamwambia tukiwa wazee.)

Jumatatu, 9 Juni

Kwenye mlango wa chumba cha vioo kuna karatasi kubwa, mwandiko wa mume wangu: HUMU NI NDIYO AU HAPANA.

Siku nzima karakana ilikuwa kama darasa la watoto wanaojifunza kutembea. Mama chai amenifikia na birika: "Bibi harusi, chai? Ndiyo au hapana, sawa yako sitaki kuisikia." Nikasema ndiyo. "Ya maziwa?" Nikasema yoyote tu. "Hebu mwangalie! Yoyote ndiyo nini? Mwone mumeo juu akusaidie." Bosi Mama mwenyewe alipata tabu. Mgeni akimuuliza jambo, anashika mkufu, anatazama dari, anaanza na historia ya karakana. Mume wangu anakohoa. Bosi Mama anasema "Hapana!" halafu anaomba maji.

Fundi mkuu amerudi. Nimemwandikisha kwa herufi kubwa. Amepanda ngazi na, mume wangu amenisimulia, ameweka begi jipya mezani, amesema, na paji lote linang'aa kwa jasho kama aliyetua gunia: "Nyeupe, hapana. Kahawia, ndiyo." Bwana Rula hakuchukua rula kwanza. Aliuliza mgongo unaendeleaje. Kwa Kiswahili! Alikuwa ameandika kwenye kiganja. Ndipo akapima. Mshono umenyooka.

Fundi akasema atamaliza yote kwa wakati, sawa. Imemponyoka tu. Bwana Rula akainua kidole, akasema kwa Kiswahili chake kilichovunjika miguu: "Sawa ndiyo, au sawa hapana?"

Kicheko kile nilikisikia mpaka chini. Hata wauza soksi nje waligeuka.

Jumatano, 11 Juni

Oda imepita! Mwaka mzima! Mafundi wamempandisha mume wangu juu ya meza ya kukatia ngozi. Alinitafuta kwa macho kutoka kule juu. Mimi ndiye niliyempigia pasi lile shati! Mimi!

Nimeshindwa kukaa kitini. Nimezunguka meza ya mapokezi kama kuku. Siandiki tena, mkono hauendi sawa.

Nimesema sawa. Ha!

Alhamisi, 12 Juni

Amekuja amekaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu.

Amesema Bwana Rula anataka aende kwao. Ofisini kwao. Wananunua kwa watu wengi kama sisi, na kila mahali wanakorofishana, wanaitwa wakali, na wao wanatuita waongo. Wanataka mtu wa kukaa katikati. Mwaka mmoja.

Nikamuuliza: sisi?

Akasema nafasi ni ya mtu mmoja. Chumba wanachotoa ni cha mtu mmoja. Kwa mwaka tu. Angeenda mwisho wa mwezi.

Nilikuwa nimesimama na sahani yangu mkononi. Nikachukua na ya kwake, alikuwa hajaianza. Nikachukua na vikombe. Akaniuliza: "Unaonaje?"

"Sawa," nikasema.

Akanyamaza kidogo. "Sawa?"

"Sawa."

Uso wake ukawaka! Akanikumbatia mimi na vyombo vyote, mchuzi ukamwagika kwenye shati la bluu, akasema alijua nitamwelewa, alijua, hakuna mwanamke kama mimi. Akashuka chini kumpigia mama yake simu, mtandao ni mzuri karibu na geti.

Nimeosha sahani. Nimeziosha tena.

Ni Jumanne ya wiki iliyopita tu alisimama hapa hapa, akakusanya sahani hizi hizi, macho chini, na sauti ile. Hakusikia? Mikono yangu ilikuwa imejaa vyombo! Au alisikia? Kile kimya kidogo katikati, ile "Sawa?" yake, ilikuwa nini? Nimeiigiza peke yangu mara nyingi, nashindwa kuijua. Mtu wa kunieleza sawa ya mume wangu ilikuwa ipi ni mume wangu mwenyewe.

Amelala anakoroma. Leo sijataka kumwangalia. Nimemwangalia.

Ijumaa, 13 Juni

Kila mtu ananipongeza. Bosi Mama amenishika mikono yote miwili: wanawake wengi wangeleta machozi, wewe umemruhusu mara moja, umetuheshimisha. Fundi mkuu amesema atanitengenezea begi la kumfungia safari. Mama chai peke yake hakunipongeza. Alinimiminia chai, ya maziwa, bila kuuliza. "Kunywa," akasema. Tu.

Mume wangu ana furaha mpaka inanichoma. Anaimba akioga. Ameniuliza kama nitaweza kukaa peke yangu. Nikasema kwani mimi mtoto? Akanibusu kwenye paji la uso.

Nikimwambia, niseme nini? Kwamba nimebadilisha? Sijabadilisha kitu. Nilisema hapana tangu mwanzo, kwa Kiswahili changu chote.

Na nikisema, asiende, abaki hapa anauza mabegi na kuulizia barua zisizokuja? Je, siku moja naye ataanza kuokota vyombo? Sijui. Nimepanga upya kabati. Nimelirudisha kama lilivyokuwa.

Jumamosi, 14 Juni

Naandikia mapokezi, nimeliweka daftari hili ndani ya kitabu cha wageni ili nionekane nina kazi. Lazima niandike, la sivyo nitapasuka.

Leo tunafanya kazi nusu siku. Juu wanaandaa mkataba wa mume wangu. Bwana Rula anasafiri mchana, kwa hiyo unatiwa sahihi leo. Ameshuka peke yake sasa hivi. Nikadhani anataka teksi. Akavuta kiti, kile asichokitazama siku ya kwanza, akakaa. Akaniuliza habari za nyumbani. Nikasema nzuri. Akauliza nimelalaje. Nikasema vizuri. Akatazama mikono yangu. Nilikuwa napanga kalamu kwa rangi, nyekundu na nyekundu, bluu na bluu, nikazivuruga, nikazipanga tena.

Akasema kwa Kiingereza, polepole ili nimwelewe, kwamba mume wangu amemwambia, "Mke wangu amesema sawa". Amefurahi. Lakini yeye, Bwana Rula, hakuwepo, hakuona macho wala mikono. Mwalimu wake alimfundisha aone.

Akainua kidole. "Sawa ndiyo," akasema, "au sawa hapana?"

Jamani. Mgeni! Wiki mbili tu mjini!

Nikacheka. Hakucheka. Nikamwambia subiri kidogo, nina kitu naandika. Akasema atasubiri. Na kweli anasubiri! Watu hawa wakikuuliza wanakaa kimya kama waliolipa nauli ya kimya hicho. Hatikisi mguu. Hagusi rula. Feni inazunguka, karatasi zinapepea, yeye ananitazama kwa upole tu, bila haraka yoyote.

Mlango wa vioo umefunguka juu. Ni mume wangu. Ninakijua kiatu chake cha kushoto, kinalia. Anashuka na mkataba, namsikia anaimba ile ile ya bafuni.

Akinifikia ataniuliza kuna nini. Na ninajua kilicho karibu na ulimi, kimeshakaa tayari kama kila siku: hakuna kitu. Nikikimeza hicho, nyuma yake kuna sawa. Neno hapana sijawahi kumwambia. Hata siku aliyoniposa, hata kwa mzaha. Sijui sauti yangu inakuwaje nikiisema kwake.

Ameacha kuimba. Amemwona mgeni amekaa. Ameniona mimi.

Kalamu zote zimeanguka chini, kasoro hii ninayoandikia. Sijainama kuziokota. Mikono yangu iko juu ya meza, haina chombo chochote, aione.

Ngazi ya mwisho. Kiatu kimenyamaza. Sasa nainua macho—